Chuma Huja, Mpini Huota

Mzee alilishika jembe langu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeletewa kuku mgonjwa, akalitikisa karibu na sikio. Likalia kidogo, mfano wa jino lililolegea. "Linacheza," akasema. Hakuuliza nimelinunua wapi wala kwa shilingi ngapi. Akaugeukia mpini, mti mweupe ulionyooka ambao dukani niliuona mzuri kupita yote, akaubonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukaacha alama.

"Nani alikutilia huu?"

"Nilikuta umeshatiwa, mzee."

"Basi umenunua chuma, mwanangu. Mpini bado."

Tulikuwa pembezoni mwa mnada, upande wa Ikungi, katikati ya Novemba, siku ambazo kila mtu mkoani Singida huzungumza huku jicho moja liko juu. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Aprili imekwisha, na aliyechelewa mwanzoni huja kulia mwishoni, iwe ni mtama, uwele au alizeti. Kwa hiyo mnada wa Novemba una sura yake. Ng'ombe na mbuzi wapo, kuku wa kienyeji waliofungwa miguu wapo, nyama inachomwa, mitumba imerundikwa kama siku zote. Lakini wanaotembea polepole, wanaoinama, wanaookota na kurudisha, hao wako kwa wauza zana.

Mzee hakuwa na meza. Alikuwa ametandika gunia chini ya mkwaju, akailaza mipini yake kwa ukubwa: ya majembe, ya mashoka, ya sululu, na kando yake kikapu cha vipini vya visu na mundu. Hakuita mteja hata mmoja. Jirani yake aliyeuza sumu ya panya alikuwa na kipaza sauti, naye alifanya kazi ya kuita kwa niaba ya wote. Mimi nilikaa pale asubuhi nzima kwa kisingizio cha jembe, na niseme mapema kwamba sikukaa kwa ajili ya kilimo. Nilikaa kwa sababu ya jinsi alivyokuwa akishika vitu.

Ukiingia duka lolote la zana Singida mjini utakuta majembe yananing'inia kwenye msumari, yamefungwa waya shingoni, vichwa vitupu. Kwa mgeni ni jambo la kushangaza: kwa nini muuzaji auze nusu ya kitu? Lakini desturi hiyo ni ya zamani kuliko maduka yenyewe. Kabla ya reli, majembe ya bara yalifuliwa na mafundi kama Warongo wa upande wa Geita, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, waliojua kuyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo. Majembe yao yalisafiri mabegani hadi Unyamwezi na kupita, yakawa mali ya biashara, yakawa mahari. Nayo yalisafiri bila mipini. Mpagazi mwenye akili hubeba chuma. Vijiti atavikuta anakokwenda.

Kisha ikaja Reli ya Kati, ikapita Manyoni na Itigi, ikafika Tabora mwaka 1912, na chuma cha viwandani kikaanza kushuka kwenye mabehewa. Wazee wa Afrika Mashariki bado wanalikumbuka jembe la mamba, lililogongwa alama ya mamba na kiwanda cha Chillington cha Wolverhampton, Uingereza. Baada ya uhuru tukawa na yetu: kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, na kingine cha Mbeya. Leo mengi yanatoka China na India, na alama zake zinabadilika kila msimu. Katika safari yote hiyo, Geita, Wolverhampton, Ubungo, China, chuma kimekuwa mgeni anayebisha hodi Singida, na mpini umekuwa mwenyeji anayemfungulia mlango. Ule wangu mweupe, wa mbao za paini uliokerezwa kwa mashine, ulijaribu kuja na mgeni kwenye gari moja. Ukucha wa mzee umeshausema.

Alianza kunionyesha miti bila kuombwa. Kwanza mkole. Si mti wa kujivunia: mdogo, karibu na kichaka, matunda yake madogo watoto huyala wakichunga. Lakini uupinde, hurudi. Ndiyo maana mkole umetengeneza pinde na fimbo na mipini kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyoweza kuhesabu. Mpini wa shoka lazima uwe na ulaini fulani ndani ya ugumu wake, kwa sababu pigo linalogonga gogo hurudi, na likirudi lote bila kupungua huishia kwenye kiwiko. Mti mgumu mno ni adui wa mkono. Hapo nikaelewa kwa nini mpingo, mti ambao sote tunausifu, mti mzito hata ukitupwa majini unazama, ulikuwa kwenye kikapu cha vipini tu. Kisu hakigongi, hukata, kwa hiyo mpingo unafaa kwa kisu. Shoka lenye mpini wa mpingo, alisema mzee, "litakukata wewe kwanza, kwa ndani."

Mninga aliukataa kwa neno moja: "Kitanda." Mkaratusi aliupa heshima kidogo kwa kuwa unanyooka na unapatikana, kisha akanionyesha nyufa ndefu za mpini mmoja wa mkaratusi uliokaushwa haraka, akaurudisha chini bila maneno, jinsi mtu anavyorudisha barua yenye habari mbaya kwenye bahasha.

Kazi yenyewe huanza miezi kabla ya mteja kufika. Mti hukatwa kiangazi, maji yakiwa yamepungua ndani yake. Hukaa na ganda lake kivulini, kisha hupandishwa juu ya jiko, kwenye moshi, ambako wadudu hawaubungui na ukavu huingia polepole, kidogo kidogo, mpaka ndani. Hapa ndipo wengi huharibu. Mti uliokaushwa juani hukauka nje na kubaki mbichi moyoni. Ukishachongwa na kutiwa chumani, moyo nao hukauka, mpini hupungua unene, na jembe huanza kucheza. Dawa ya wavivu ni kulitumbukiza jembe kwenye ndoo ya maji usiku ili mti uvimbe. Mzee aliicheka dawa hiyo: "Litashika mpaka kesho saa nne. Baada ya hapo utalitafuta lilikorukia."

Ukishakauka, huchongwa kwa tezo. Sikuwahi kumwona mtu akichonga kwa tezo karibu kiasi kile. Mti aliulaza juu ya gogo, mguu wake mtupu ukiukandamiza, na tezo ikawa inashuka upana wa vidole viwili tu kutoka kwenye unyayo, ikiinua maganda membamba kama ya kitunguu. Hakuwa akitazama tezo. Alikuwa akitazama mbele yake, kule nyuzi za mti zinakoelekea, kwa sababu mpini mzuri hauchongwi kunyooka. Huchongwa kufuata nyuzi, na nyuzi zikipinda kidogo, mpini nao hupinda kidogo. Mpini wa mashine hunyooka kwa kuzikata nyuzi njiani, na pale zilipokatwa ndipo utakapovunjika. Ile mipini iliyolala juu ya gunia, ukiitazama haraka, ilionekana imepotoka. Ukiishika unagundua kwamba mkono wako nao haujanyooka.

Baada ya tezo, kipande cha chupa. Alikuwa nacho kwenye mfuko wa shati, kioo cha kahawia cha chupa ya bia, na aliukwangua mpini mpaka unga mweupe ukamjaa magotini. Zamani, alisema, waliutumia msasa wenyewe, yaani majani ya mti wa msasa yaliyo makavu na yenye kukwaruza, yaliyoipa jina ile karatasi ya dukani. Ni watu wachache wanaonunua msasa wakikumbuka kwamba wananunua jina la mti.

Kisha akaja mama mmoja na jembe la aina ya zamani, lile lisilo na tundu, ambalo nyuma ya bapa lake kuna mkia mrefu wa chuma uliochongoka. Jembe hili linataka mpini wa namna nyingine kabisa: wenye kichwa kilichovimba kama rungu, na uvimbe huo haupatikani kwa kuchonga. Lazima uwe umeota. Mzee huchimba mti mdogo pamoja na tako lake, pale shina linapokutana na mizizi, ambapo nyuzi zimesokotana na haziwezi kupasuka kirahisi. Aliutia mkia wa jembe kwenye makaa aliyoyaazima kwa mchoma nyama, ukawa mwekundu, akausukuma kwenye kile kichwa. Moshi ukatoka wenye harufu tamu. Akautoa, akakung'uta majivu, akaurudisha motoni. Mara tatu. Tundu alilolichoma lilikuwa dogo kidogo kuliko mkia wenyewe, na mwisho aliligonga jembe juu ya gogo, makali chini, mpaka ncha ya mkia ikachungulia upande wa pili.

Nikamwuliza kama halitachomoka. Akanipa somo ambalo sikulipata shuleni. Jembe hili, kila likipiga ardhi, ardhi huurudisha mkia ndani ya mti. Kwa hiyo linakaza kadiri linavyofanya kazi. Likilala ndipo hulegea. Lile langu lenye tundu hufuata hesabu tofauti: mpini hupitishwa kutokea juu, ukiwa mnene upande wa kichwa, na kila ukilirusha jembe, chuma hutaka kukimbia mbele kikakutana na unene. Mafundi wawili ambao huenda hawakuonana kamwe walilijibu swali moja kwa majibu mawili, na yote mawili yana akili ileile: kuifanya nguvu inayotaka kuvunja ndiyo iwe inayofunga.

"Huu mkia unaitwaje?" nikamwuliza.

"Mkia," akasema, akinitazama kama niliyeuliza jina la jua.

Kiswahili cha pwani kina neno lake: msuka. Kamusi za zamani zinalo, ile ya Johnson ya 1939 ikiwamo: sehemu ya jembe, shoka au kisu inayoingia kwenye mpini. Nilipomwambia, alilirudia mara mbili. "Msuka. Kama kusuka?" Sikuwa na uhakika na asili yake, lakini yeye hakuhitaji uhakika wangu. "Ni sawa," akasema, "unasuka chuma na mti." Tangu siku ile siwezi kulisikia neno hilo kwa namna nyingine.

Kuna pia noleo, ile pete ya chuma inayoizunguka shingo ya kisu pale ubapa unapoingia kwenye kipini, ili mti usipasuke. Vipini vya mzee vilikuwa na manoleo yaliyokatwa kwenye bomba la baiskeli, na viwili vilizungushiwa waya wa shaba kwa uvumilivu wa mtu anayefunga bandeji ya mtoto. Msuka na noleo ni maneno yanayokufa kwa sababu isiyo ya haki: vitu vyenyewe tunavitumia kila siku, ila tumeacha kuvitazama. Anayenunua kisu chenye kipini cha plastiki hana noleo la kuliita.

Lakini mpini haufi. Neno hili ni kongwe kwa namna inayonipa kizunguzungu. Wabemba wa Zambia wanasema umupini, Wachewa mpini, Washona mupinyi, na ukifika kwa Wazulu kule kusini unakuta umphini. Plau ni neno la juzi, spana ni la juzi, hata baadhi ya vyuma vyetu vina majina yaliyoshuka melini. Neno la mpini lilitembea kwa miguu pamoja na watu, na kila walipofika walikata mti mwingine na kuupa jina lilelile.

Sasa angalia kile Kiswahili kisichokiita mpini, maana hapo ndipo akili ya lugha inapoonekana. Sufuria haina mpini. Ina masikio, au mkono. Ndoo ina utambo. Mlango una kishikio. Plau ya ng'ombe, inayovutwa katika mashamba mengi ya Singida, ina mikono miwili ambayo mkulima huishika kwa mikono yake miwili, kana kwamba wanasalimiana kwa siku nzima. Bunduki ina tako, na hata gobole lililotengenezwa kichakani lina tako. Mkuki una uti. Mshale una wano. Naona sheria humo, japo hakuna aliyeitunga. Kinachobebwa tu hushikwa kwa sikio au utambo. Mpini ni mahali nguvu ya mtu inapopita kwenda kufanya jambo: kulima, kukata, kuchanja, kugonga. Sufuria huinuliwa, jembe hutendwa. Ndiyo maana hata mtoto hasemi "mpini wa ndoo."

Uti ndio unaonistaajabisha zaidi. Ni mti mwembamba wa mkuki, na ni uti wa mgongo wetu. Neno moja kwa kile kinachosimamisha silaha na kile kinachosimamisha mwenye silaha. Mikuki ya wafugaji, Wamasai na majirani zao, ina chuma kirefu mbele na chuma kirefu nyuma, na mti mfupi katikati mahali pa kushika tu. Ukiuona ule mti mfupi, uliosuguliwa ukawa mweusi kwa mafuta ya kiganja, unajua ni sehemu pekee ya mkuki iliyomjua mwenyewe. Chuma kimeona damu na kutu. Mti umeona jasho.

Kipini, kwa upande wake, kilijipunguza kikaenda mjini. Ni mpini mdogo wa kisu, na ni pambo la pua la mwanamke, kijiti cha dhahabu kinachopenya kwenye tundu kama msuka. Jembe nalo likapungua likawa kijembe, na kijembe kikawa maneno ya mafumbo yanayochoma. Vijembe vya taarabu vinajulikana, na havina mpini, ndiyo maana vinamwumiza hata anayevirusha. Kushika kukazaa kishikio, kukazaa na mshiko, ambao vijana wa mjini wanauita hela. Kijana aliyekuja kuchagua mpini wa sululu alimwuliza mzee, "Mshiko wake bei gani?" na sikujua kama anasema pesa au mkono. Mzee alijibu yote mawili: akataja bei, kisha akamtupia mpini aushike.

Mahali mpini ulipopanda cheo kupita kiasi, ulileta msiba. Jambia la Yemen husifiwa kwa kipini chake kuliko makali yake, na kipini kilichotukuzwa kuliko vyote kilikuwa cha pembe ya kifaru, inayozidi kung'aa kadiri inavyoshikwa. Katika miaka ya 1970 Yemen ya Kaskazini ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa pembe hizo, na nyingi zilitoka Afrika Mashariki. Esmond Bradley Martin, mtafiti aliyeishi Nairobi, alikwenda Sana'a na kuhesabu pembe kwenye karakana za mafundi. Serikali ya huko ilipiga marufuku uingizaji mwaka 1982, vifaru wakiwa wamekwisha kupukutika. Mnyama wa tani moja aliangushwa ili mtu apate pa kuweka kiganja. Sina ugomvi na mafundi wa Sana'a, ambao kazi yao ni safi mno. Ila nikimwangalia mzee wa Ikungi na mkole wake, mti unaochipuka tena kutoka kwenye kisiki, naona kwamba uzuri wa mpini ungeweza kuishia hapa.

Upande mwingine wa mkoa huu wapo watu ambao hawakuwahi kuhitaji mpini wa kutia chumani kwa kazi yao kubwa. Huko Munguli, wilaya ya Mkalama, karibu na bonde la Ziwa Eyasi, mwanamke wa Kihadzabe huchimba mizizi ya kula kwa mti uliochongwa ncha na kukaushwa motoni. Hakuna chuma, hakuna msuka, hakuna noleo. Chombo chote ni mpini. Ukiisha makali anauchonga tena na safari inaendelea, mpaka unakuwa mfupi mno. Wanaume nao hununua au kuokota misumari, wakaigonga baridi juu ya jiwe mpaka ikawa vigumba vya mishale, na wano wakalinyoosha kwa meno na moto. Ukitaka kujua nini kilitangulia duniani, chombo au mahali pa kukishikia, kaa dakika kumi na mchimba mizizi.

Na Singida ina kumbukumbu ya silaha isiyoshikika kabisa. Masimulizi ya Wanyaturu yanamtaja Liti Kidanka, mwanamke aliyewakabili Wajerumani kwa nyuki. Uwanja wa mpira wa mjini leo unaitwa kwa jina lake. Silaha isiyo na mpini haiwezi kunyang'anywa.

Nilipokuwa mdogo nilidhani nembo ya taifa inaonyesha chuma. Jembe, shoka, mkuki. Mzee alikuwa na noti kuukuu mkononi akitafuta chenji, nami nikaanza kufikiria michoro yetu rasmi, na ndipo nikaona kile ambacho macho yangu yaliruka kwa miaka yote. Jembe na shoka vinapopishana kwenye ngao, vinapishana mipini. Bendera ya CCM, chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977, ina jembe na nyundo. Pale vinapokutana, vimekutana kwa miti. Ukivua chuma chote kwenye michoro hiyo, umoja unabaki palepale.

Lakini tunaposema mtu "ameshika mpini" hatumaanishi umoja. Tunamaanisha mwenzake ameshika makali. Nimeusikia msemo huo bungeni, kwenye vikao vya mirathi, kwenye ndoa zinazovunjika, na kila mara mpini ni mahali salama, makali ni mahali pa kuumia. Nilimwambia mzee. Akanyoosha viganja vyake viwili. Sugu zilikuwa zimepangana chini ya vidole kama kokoto, nyingine zimepasuka na kuziba, na katikati ya kiganja cha kulia palikuwa na kovu jeupe la lengelenge la zamani sana. "Hao wanaosema hivyo," akauliza, "wamewahi kulima?"

Zamu yangu ilifika saa saba. Aliutoa ule mpini mweupe kwa pigo moja la nyundo, akauweka kando pamoja na kuni za mchoma nyama, heshima ambayo naamini ulistahili. Akachagua mkole, akauangalia kwa jicho moja, akaupindua, akaangalia tena. Akaupitisha kwenye tundu kutokea juu, akageuza, akagonga ncha yake nene kwenye jiwe. Kila pigo chuma kilishuka chenyewe, kidogo, kikijivuta kuelekea unene, mpaka sauti ikabadilika. Mwanzoni ilikuwa tok, tok. Mwisho ikawa mlio mmoja, mzito, usioachana.

"Simama."

Nikasimama. Akaliweka jembe mbele yangu, akatazama tumbo langu, bega langu, kisha miguu yangu kwa huzuni kidogo.

"Lima."

Nikainama, nikapiga ardhi ya mnada mara mbili. Watu wawili walicheka. Yeye hakucheka, alikuwa akitazama kiwiko changu. Akalichukua tena, akaweka kidole mahali fulani karibu na mwisho wa mpini, akakata kwa msumeno kipande kisichofika urefu wa dole gumba. Akakwangua pale palipokatwa kwa kile kioo cha kahawia, akapitisha kiganja mara moja, mara ya pili, akanirudishia. Lilikuwa jembe jingine. Nilijua hivyo kabla sijalinyanyua.

Nilipomlipa, nilikiomba kile kipande kilichokatwa, nikakiweke mezani kwangu kama ukumbusho. Alikuwa ameshakigawa katikati kwa kisu.

"Hiki?" akasema. "Hiki ni kabari ya yule anayekuja."